Nilikwenda Mwanza Kung'oa Mipaka ya Mwanangu

Wenzangu wa jumuiya, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kiwanja kikoje. Nimewajibu "nimekiona", kisha nikabadili mazungumzo, na ninyi kwa heshima ya msiba mkaniacha. Lakini ninyi ndio mliochimba kaburi la Novatus na kukaa nami siku zote zile, haifai niwafiche. Kusimama mbele ya watu na kueleza siwezi, sauti inakatika. Kuandika naweza, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba. Asiyeona vizuri, kama mimi, asomewe.

Kwanza niseme jambo ambalo sikuwaambia siku naondoka. Niliaga kwamba naenda kukiangalia kiwanja cha marehemu. Haikuwa hivyo. Ndani ya mfuko nilikuwa na panga, na nilikwenda kung'oa.

Nyumbani, kabla ya safari

Wengi wenu si watu wa Kagera, kwa hiyo nieleze kuhusu mlamula. Ni ule mmea wa majani marefu kama ya mahindi, ambao Wachaga wanauita isale. Kwetu mlamula unapandwa mpakani. Ukishapandwa umesema, na hakuna anayeuvuka bila hodi. Anayeukata au kuuhamisha anaitwa mbele ya ukoo. Baba yangu alipohama Kamachumu kuja kulima huku Sengerema, alikuja na vipande vyake vimefungwa kwenye jani la mgomba, akavipanda kabla hajajenga hata jiko.

Krismasi iliyopita Novatus alikuja likizo. Alipoondoka nilikuta milamula ya upande wa jirani yangu, Mzee Sitta, imekatwa vichwa. Yote saba. Nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda kwa Sitta kumuuliza ana nini na mimi, mke wangu akasema nimpigie mtoto kwanza.

"Ni mimi, baba," Novatus akasema. "Nimechukua mbegu. Nakwenda kupanda huku Mwanza, mlimani."

"Umepata kiwanja?"

Akacheka. "Kikubwa kuliko chako, baba."

Mnakumbuka nilivyofurahi. Mwanangu alikuwa na miaka thelathini na moja, kazi kiwandani Nyakato, anaishi chumba cha kupanga, na kila alipokuja nilimwambia kwamba mwanamume asiye na kibanja, yaani ardhi yake mwenyewe, bado hajaanza kuishi. Niliwatangazia wote baada ya misa. Wengine mlinipa mkono.

Baada ya muda ndugu mmoja aliyewahi kukaa Mwanza akaniambia kule mlimani hakuna anayepewa kiwanja, ni msitu wa serikali. Nikampigia Novatus nikiwa nimesimama palepale barabarani.

"Umepanda mipaka kwenye msitu wa serikali? Unataka tuitwe wezi wa ardhi?"

"Baba, si hivyo."

"Kang'oe."

"Njoo uone kwanza. Ukishaona, ukisema ning'oe, nitang'oa mbele yako."

"Mimi sikanyagi ardhi ya wizi," nikasema, nikakata simu.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Wiki tatu baadaye akaugua ghafla, na nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika.

Siku ya kuanua tanga kaka yangu Projestus alitaja vitu vya marehemu: kitanda, redio, baiskeli. Akamalizia, "Na kile kiwanja cha Mwanza. Nani atakisimamia?" Nikajibu nitakwenda kukiona. Mlisikia. Hamkusikia kilichokuwa moyoni. Niliogopa kwamba siku moja watu wa serikali watauliza nani kapanda hii, na jina la mwanangu litatajwa akiwa hawezi kujitetea. Nikaona heri niende mwenyewe, ning'oe kimya, nirudi niseme kiwanja hakipo. Huo ndio mpango niliokuwa nao.

Kamanga, kusubiri magugu

Siku hizi wengi wanapita darajani Busisi. Mimi nilipita Kamanga, kwa sababu kivuko kinakushusha mjini kabisa, na kwa sababu nilitaka njia yenye watu wachache wa kunijua. Hilo la pili halikufanikiwa.

Nilikuwa na miadi. Kwenye simu ya Novatus nilikuta namba ya Mama Doto, mwenzake wa kazini, yule mama mnene aliyekuja kuzika akiwa na wenzake wawili. Nilimwambia nataka kuona mahali ambapo marehemu alikuwa akitembea siku za Jumamosi. Sikutaja mipaka. Akasema nifike saa tatu, mwisho wa magari ya Mkuyuni yanayopanda kule juu, wao hukutana hapo.

Saa moja nilikuwa Kamanga. Kivuko kilikuwepo, lakini magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo hadi yakajaa pale kinapoegesha, kijani kitupu, ungedhani ni shamba la mpunga. Vijana waliingia majini na reki na kamba wakayavuta. Wakivuta mzigo mmoja, upepo unaleta miwili.

Nilikaa kwenye gogo nikiwa nimeweka mfuko kati ya miguu. Panga nilikuwa nimelifunga kwenye kipande cha gunia. Juu yake niliweka pakiti ya senene ambazo mke wangu alizikaanga. Sijui kwa nini alizikaanga. Novatus ndiye aliyekuwa anazipenda.

Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya akaja kukaa karibu, akaegemea mfuko wangu, akaruka.

"Mzee, mfuko wako unachoma."

"Samahani, mama. Ni jembe."

"Jembe lina makali huku?" Akaupapasa kidogo juu kwa juu. "Hilo ni panga. Unaenda Mwanza mjini na panga kufanya nini?"

"Kusafisha mahali," nikasema.

Alinitazama, akahamisha ndoo yake. Tangu hapo kila aliyepita nilidhani ananiangalia mfuko. Askari mmoja alikuja kuangalia yale magugu, nami nikaangalia chini mpaka alipoondoka. Hakuwa na habari na mimi.

Saa tatu ilipita nikiwa bado Kamanga.

Juu ya maji

Tulipoondoka hatimaye, nilisimama ubavuni mwa chombo. Karibu yangu alisimama mtu mwenye bahasha kubwa ya kaki na simu mbili. Nilikosea kufungua pakiti ya senene, akasogea.

"Mzee wangu, hizo ni za Bukoba zenyewe?"

"Karibu."

Alikula kwa adabu, moja moja, lakini hakuacha. Akaniambia yeye ni dalali wa viwanja, akaniuliza kama nina eneo Mwanza. Ningenyamaza mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimebeba jambo hili peke yangu siku nyingi.

"Mtu akipanda mipaka kwenye msitu wa mlimani," nikasema, "anafanywa nini?"

"Nani kapanda?"

"Mtu tu."

"Mtu tu." Akatafuna. "Mzee, huyo mtu tu mwambie akimbie. Kule ni hifadhi. Wakikukamata ni mahakamani, na mipaka yenyewe wanaipiga picha kama ushahidi."

"Na kama huyo mtu amefariki?"

Akaacha kutafuna. "Basi watamtafuta msimamizi wa mirathi."

Msimamizi wa mirathi ni mimi. Nilishika chuma cha pembeni. Ziwa lilikuwa limetulia, majiwe ya Mwanza yanaanza kuonekana yamepangwa moja juu ya jingine, na mimi nimeking'ang'ania kama niko kwenye dhoruba. Dalali akadhani ni kichefuchefu, akanipa ndimu ninuse. Alikuwa mtu mwema. Alimaliza senene karibu nusu, akaniachia namba yake, akasema nikibadili mawazo kuhusu eneo lile angeweza kuongea na watu. Namba hiyo niliitupa.

Mkuyuni, chai na goti

Nilifika Mkuyuni saa tano kasoro. Mama Doto alikuwa amenipigia mara tatu nikiwa majini. Nikampigia.

"Baba Novatus, tumekusubiri mpaka tumeota mizizi," akasema. "Tumeshaanza kupanda, kuna wenye haraka. Wewe kunywa chai kwanza, halafu njoo. Njia inaanzia nyuma ya tangi la maji. Ukiona miti ya Novatus ujue umefika kwetu."

Kisha mtandao ukakata.

Miti ya Novatus. Nilibaki nimeshika simu. Nilifikiri ni siri yake, kumbe mji mzima unaijua na inaitwa kwa jina lake. Nikaingia kwa mama ntilie aliyekuwa jirani na kituo, nikaagiza chai na mihogo, mihogo ikanishinda.

"Baba, huli," akasema yule mama. Alikuwa anachechemea, mguu mmoja hakuukunja. "Unapanda mlimani kuomba?"

Nilikuja kuelewa kwamba watu wa maombi hupanda kule kwenye majiwe kila Jumamosi, wakiwa wamefunga. Aliona mzee mwenye nguo nyeusi na mfuko, asiyekula, akajua ni mmoja wao. Nami, ili asiniulize zaidi, nikasema ndiyo.

"Basi niombee na mimi. Hili goti. Tangu masika halikunjiki. Mungu anakusikia wewe kuliko mimi, mimi kutwa niko na masufuria." Akakataa kuchukua malipo ya chai.

Niliondoka pale nikiwa mwongo aliyenyweshwa chai ya bure. Mimi si mtu wa uongo, mnanijua. Lakini siku ile nilikuwa nimeshadanganya watu watatu, na haikuwa bado saa sita.

Mlimani, nje

Nyuma ya tangi la maji kelele za mji zilipungua ghafla, kama mtu amefunga mlango. Kulikuwa na mikaratusi, halafu miti ya asili iliyobanana, halafu majiwe makubwa kuliko nyumba. Mijusi yenye vichwa vyekundu ilikuwa inaota jua. Hapo ndipo nilipoiona.

Milamula miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia, imesimama kama nguzo za lango. Urefu wake ulinifika kifuani. Na katikati njia ya miguu inapita.

Niliitambua. Msiniulize vipi, mlamula unafanana na mlamula, lakini hii ilitoka mpakani kwa baba yangu. Nilisimama nikaita hodi. Hakuna aliyejibu, na nilijua hakuna wa kujibu, lakini miguu ilikataa kuingia. Niliwahi kumwambia mwanangu sikanyagi ardhi ya wizi. Nikasema nitazunguka kwa nje, nitafute pembe nne, nione ukubwa wake, kisha nianze kung'oa kuanzia mbali ambako hakuna watu.

Nikaushika mpaka wa kushoto. Mlamula wa pili haukuwa mbali. Wa tatu ulikuwa kwenye mwinuko. Wa nne nikausogelea nikijua ndipo kona itakapokata. Haikukata. Wa tano ukaenda mbele zaidi, ukapanda. Nikasema labda kiwanja kina umbo baya. Wa sita. Wa saba. Kwa ng'ambo, upande wa kulia, niliona na ile mingine inapanda vilevile, sambamba na hii, haikutani wala haiachani.

Nilianza kuhema, na si kwa mlima peke yake. Kichwa kimoja cha mlamula, ukikikata vipande pamoja na shina lake, unapata mbegu nyingi. Alichukua vichwa saba. Nilipofika wa kumi na moja nilikaa chini. Nilijiambia mwanangu hakuchukua kiwanja, amechukua mlima.

Huko nje nilikopita hapakuwa na njia. Miiba ilinichana mikono, suruali yangu ya msiba ikachanika gotini. Ndani ya ile milamula, hatua tatu tu kutoka kwangu, njia ilikuwa safi, imefagiwa na nyayo za watu. Sikuingia. Nilikanyaga jiwe lenye kuvu, kandambili ikakatika ukanda, nikateleza hadi kwenye kichaka. Mfuko ulipiga jiwe, panga likatoka ndani ya gunia likalia ngaaa kwenye mwamba, nadhani hata Kamanga walisikia.

"Wewe mzee. Simama hapohapo."

Alikuwa mlinzi wa msitu, kofia ya kijani, fimbo mkononi. Mtu wa umri wa Novatus, pengine mdogo zaidi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, kisha akashtuka. "Mzee, mbona unaniamkia wewe? Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

Akaliokota panga. "Panga haliingii msituni, mzee. Hilo unalijua?"

"Sikulijua."

"Ulikuja kukata nini?"

Ningeweza kusema kuni. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa siku ile.

"Nilikuja kung'oa," nikasema. "Kung'oa mipaka. Usimtafute aliyeipanda, amefariki. Mimi ni baba yake. Nichukue mimi."

Aliangalia huku na huku. "Mipaka ipi? Mipaka ya msitu ni vile vigingi vya zege kule chini barabarani."

Nikamwonyesha mlamula uliokuwa karibu yetu. Aliutazama. Kisha akavua kofia.

"Wewe ni baba yake Novatus?"

"Ndiyo."

"Nani kakwambia hii ni mipaka?"

"Kwetu ndiyo mipaka."

"Mzee," akasema, "hii ni njia."

Mlimani, ndani

Jina lake ni Magesa, Mjita wa Musoma. Alinikalisha kwenye jiwe akafunga kandambili yangu kwa uzi wa katani, na huku anafunga akanieleza. Nitaandika alivyosema.

Kiwandani kuna watu walioambiwa na daktari watembee, sababu ya sukari na presha. Mama Doto ni mmoja wao. Walianza kupanda huku Jumamosi, na Novatus, ambaye hakuwa mgonjwa wa lolote, akawa anawasindikiza. Siku moja Mama Doto alibaki nyuma. Huku majiwe yote yanafanana, ukizunguka mawili hujui ulikotoka. Sukari ikamshuka akiwa peke yake. Walimtafuta mpaka jua linazama, Novatus akamkuta amelala chini ya mwamba, hajui hata jina lake, akamlisha ndizi mbivu kama mtoto.

"Baada ya hapo walijaribu rangi kwenye mawe, mvua ikaosha," Magesa akasema. "Wakafunga vitambaa, tumbili wakavichukua wakavichezea. Ndipo Novatus akaja kwangu. Akasema kwao kuna mmea mbuzi hali, jua haliui, ukichomeka kijiti kinashika, na mtu akiuona anajua mahali pake ni wapi. Nikampeleka kwa bwana misitu. Bwana misitu akakubali, mradi isitoke kwenye njia ya zamani. Mimi mwenyewe nimemshikia kamba Jumamosi nyingi hapa." Akakaza uzi. "Ila mzee, nikuulize. Njia hii hapa. Wewe mbona ulikuwa unapita nje?"

"Sikutaka kumwingilia mtu mpakani."

Alianza kucheka, kicheko kikamtoka puani, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Pole, mzee."

Nilimwambia asante. Nilikuwa nayasikia maneno yale, njoo uone kwanza. Nilikuwa nimekuja, na nilikuwa naona, na aliyeniita hayupo. Hofu niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imeondoka, lakini mahali pake pakaingia kitu kizito kuliko hofu. Mtu anayeogopa anaweza kutumaini kwamba amekosea. Mimi nilikuwa nimeshajua.

Magesa akabeba mfuko wangu na panga, tukaingia kati ya milamula. Nilitazama kila mmoja tuliopita. Mwanangu alikuwa amezungushia mawe madogo kila shina, kama mimi nilivyomfundisha kule shambani. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nilimfundisha.

Juu kabisa kuna mwamba bapa. Ziwa lote linaonekana, na ng'ambo ile mnajua ni wapi, ni kwetu. Walikuwa wamekaa watu sita, Mama Doto katikati na kikapu.

"Baba Novatus," akaita, "mbona uko kama pimbi aliyetoka kichakani? Njia si hiyo hapo?"

"Alipita nje," Magesa akasema.

"Nje? Nje kuna njia?"

"Hakuna," nikasema.

Wakanipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na mimi nikatoa senene zilizobaki. Mama Doto akaziangalia kwa mashaka. "Novatus alikuwa anatulazimisha hizi. Nilimwambia Msukuma hali panzi. Nikawa nakula nimefumba macho." Akachukua, akafumba macho, akala. Wenzake wakacheka, na mmoja wao akageuka upande wa ziwa akajifuta uso.

Nikawaambia. Niliwaambia panga lilikuwa la nini, na nilivyomkatia simu. Sikupunguza kitu. Mama Doto aliweka kikapu chini.

"Alituambia," akasema. "Tulimuuliza baba anakuja lini. Akasema baba amekasirika, lakini atakuja, maana hawezi kuvumilia mpaka asioujua."

"Alisema kwa hasira?"

"Alisema huku anacheka. Wewe humjui mwanao?"

Nimelifikiria sana swali hilo.

Mwishoni mwa njia, pale inapoingia kwenye mwamba, mlamula wa kushoto ulikuwepo, wa kulia haukuwepo. Ulikuwa umekanyagwa. Magesa alinionyesha. Akasema anayekuja kutoka upande wa pili, akiona mmoja tu, anapita vibaya anakwenda kwenye ukingo wa mwamba. Kisha akanyoosha lile panga, mpini ukiwa kwangu.

"Kwa sheria ningelichukua," akasema. "Lakini shimo litachimbwa na nini?"

Nilikata kichwa cha ule wa kushoto, nikachimba. Nilikawia hadi Mama Doto akataka kunipokea, nikakataa. Kwetu mlamula haupandwi na mtu peke yake, lazima majirani wa pande mbili wasimame waone, ili kesho asiwepo wa kubisha. Nikamwomba Magesa asimame upande huu, Mama Doto upande ule. Walisimama wima kama walinzi, bila kuuliza sababu. Nikachomeka, nikashindilia udongo, nikatafuta mawe madogo.

Kabla hatujashuka nilipiga magoti pale mwambani nikaliombea goti la mama ntilie.

Kurudi

Tuliposhuka nilipita kwa yule mama. Nilimwambia nilimdanganya, sikwenda kuomba, nilikwenda kwa jambo jingine.

"Kwa hiyo hukuniombea?"

"Nilikuombea."

"Basi umenidanganya nini?" Akanisukumia sahani ya sato na ugali, na safari hii nilikula nikamaliza. Alipokea malipo ya chakula, ya chai alikataa tena.

Kivuko hakikuchelewa. Magugu yalikuwa yamehama yenyewe, sijui yalikwenda wapi. Kwa upande wa Mwanza niliangalia milima, nikajaribu kuutambua ule mwamba. Yote inafanana.

Jumapili nilikwenda kwa kaka yangu Projestus nikamweleza. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo kiwanja hakipo?"

"Hakipo. Hakikuwahi kuwepo. Alinitania, mimi nikaamini, nikatangaza, kisha nikamgombeza kwa nilichokitangaza mwenyewe."

Kaka akasema, "Sasa nani atarithi nini?" Nikamwambia kitanda, redio na baiskeli.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mliokuwa mmenipa mkono baada ya misa, mnisamehe.

Jana nilikwenda mpakani kwa Mzee Sitta. Nilikuwa sijafika pale tangu Krismasi, kwanza kwa kukosa haja, kisha kwa hasira, kisha kwa msiba. Nilitaka kuona milamula ile saba iliyokatwa ilivyokauka. Haikukauka. Pale mwanangu alipopitisha kisu, kila shina limetoa vichwa viwili. Sitta alikuwa upande wake anapalilia, akainuka akanisalimu.

"Mpaka umenawiri," akasema. "Nani alikushauri kuikata?"

Nikamwambia ni Novatus.